Kwa nini hukumu za langalanga hazifanani

Tarehe 20 Oktoba 2024, katika uwanja wa Austin, Texas, ikiwa imebaki mizunguko michache mbio za Formula 1 zimalizike, Lando Norris wa McLaren alimfikia Max Verstappen wa Red Bull kwenye mnyoofu mrefu unaoishia kona ya 12. Sisi tuliokuwa tukifuatilia kutoka Afrika Mashariki saa sita ya usiku ilikuwa inatukaribia, na aliyekuwa ameanza kusinzia aliamka. Norris alipita upande wa nje, na kabla hawajashika breki pua ya gari lake ilikwisha kutangulia. Verstappen, aliyekuwa upande wa ndani, alichelewa kushika breki, akaingia kwenye kona kwa kasi ambayo haikumruhusu kuligeuza gari ndani ya mistari myeupe, na magari yote mawili yakatoka nje ya njia. Norris alirejea akiwa mbele, akaendelea na safari. Baada ya muda mfupi wasimamizi wa mashindano walimpa Norris adhabu ya sekunde 5 kwa kumpita mwenzake nje ya njia. Alivuka mstari wa mwisho akiwa wa tatu, lakini hesabu ilipopigwa alijikuta wa nne, nyuma ya Verstappen kwa pengo ambalo halikutimia hata sekunde moja.

Wiki moja baadaye, jijini Mexico, wawili hao walikutana tena. Katika mzunguko wa 10, kwenye kona ya 4, Norris alikuwa tena upande wa nje na Verstappen upande wa ndani, na Norris akajikuta tena nje ya njia. Safari hii aliyeadhibiwa ni Verstappen: sekunde 10 kwa tukio hilo, na nyingine 10 kwa lililofuata kona chache mbele. Alimaliza wa sita, Norris akamaliza wa pili.

Mtazamaji aliyeketi sebuleni kwake anaona tukio lilelile likihukumiwa kwa namna mbili zinazopingana ndani ya siku 7, na jibu linalomjia haraka ni kwamba kuna upendeleo, tofauti ikiwa tu kwamba shabiki wa McLaren anauona Austin na wa Red Bull anauona Mexico. Mimi naona kwamba hukumu zote mbili zilifuata maandishi yaleyale, tena kwa uaminifu, na kwamba tatizo la Formula 1 limejificha ndani ya maandishi hayo kuliko ndani ya mioyo ya wanaoyasoma. Ili kulieleza hilo inabidi kuanza na watu wenyewe.

Mashindano ya langalanga yana mamlaka mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni mkurugenzi wa mbio, ambaye ndiye anayeendesha shughuli nzima: bendera, gari la usalama (lile linaloyatangulia mengine na kuyapunguza kasi kukiwa na hatari), kusimamisha mbio na kuzianzisha upya. Yeye hahukumu, akiona jambo la kutia shaka hulipeleka kwa mamlaka ya pili, yaani jopo la wasimamizi, ambalo huwa na watu 3 au 4. Wenyekiti wa majopo hayo huteuliwa na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, mjumbe mmoja hutoka chama cha magari cha nchi mwenyeji, na tangu mwaka 2010 mmoja wao huwa dereva wa zamani. Wanakaa katika chumba chenye skrini nyingi, wakiwa na picha za kamera zilizofungwa ndani ya magari, mazungumzo ya redio kati ya madereva na wahandisi wao, na takwimu zinazoonyesha mguu wa dereva ulikanyaga breki sekunde gani na kwa nguvu kiasi gani. Kwa ushahidi, hakuna mwamuzi wa mchezo wowote aliyebarikiwa kuliko hawa.

Hata hivyo, hawa si waajiriwa wa kudumu. Ni watu wa kujitolea ambao wana kazi zao nyingine, na jopo hubadilika kutoka mbio moja hadi nyingine, hata dereva aliyehukumiwa na watu fulani Ulaya anaweza kuhukumiwa na wengine kabisa Asia. Timu zimelalamikia jambo hili kwa miaka mingi, na kila baada ya hukumu yenye utata hurudi na pendekezo la jopo moja la kudumu litakalosafiri msimu mzima. Pendekezo hilo lina mantiki yake, na nitalirudia, lakini lisingebadilisha lolote kati ya Austin na Mexico.

Kilichoamua kesi zile mbili ni hati iitwayo miongozo ya uendeshaji, ambayo FIA iliitayarisha kwa kushauriana na madereva wenyewe, ikabaki mikononi mwa timu na wasimamizi tu hadi Juni 2025, ilipowekwa hadharani kwa mara ya kwanza. Miongozo hiyo inajibu swali moja kubwa: magari mawili yakiingia kona sambamba, ni nani mwenye haki ya kuachiwa nafasi? Jibu linapimwa kwenye kitovu cha kona, yaani pale ambapo gari huusogelea zaidi ukingo wa ndani kabla ya kuanza kutoka. Anayepita upande wa ndani anatakiwa, hadi kufikia kitovu hicho, ekseli yake ya mbele, yaani mhimili wa magurudumu ya mbele, iwe imefika angalau usawa wa kioo cha pembeni cha mwenzake. Anayepita upande wa nje amewekewa kipimo kigumu zaidi, kwa kuwa ekseli yake ya mbele inatakiwa iwe imeitangulia ile ya mwenzake. Asipotimiza hilo hana haki ya kuachiwa nafasi wakati wa kutoka kwenye kona, na wa ndani anaruhusiwa kumbana hadi kwenye mstari.

Mtu akiisoma ile kanuni mara moja anaona kwamba ni ya haki na inapimika. Akiisoma kwa macho ya dereva mwenye uzoefu anaona mlango. Ikiwa mwenye haki ni yule aliye mbele kwenye kitovu cha kona, basi dereva anayelindwa na upande wa ndani hahitaji kuwa mbele wakati wa kuingia. Anachohitaji ni kuuachia mguu wa breki kidogo, afike kwenye kitovu kabla ya mwenzake, na kona imekuwa mali yake kisheria hata kama kasi aliyonayo haitamwezesha kubaki ndani ya njia. Verstappen aliuelewa mlango huu kuliko mtu yeyote wa kizazi chake. Austin alikuwa wa kwanza kufika kwenye kitovu, kwa hiyo Norris hakuwa na haki ya nafasi, na kwa kuwa alimpita akiwa nje ya mistari, kosa likawa lake. Mexico Norris alikuwa mbele wakati wa kuingia, akawa mbele kwenye kitovu, na akawa bado mbele alipokuwa anatoka kwenye kona, ndipo akasukumwa. Kipimo kilekile kilitumika mara mbili kikatoa majibu mawili, kama mizani inavyotoa majibu mawili kwa mizigo miwili.

Hata hivyo kuna sehemu moja ya hukumu ya Austin ambayo siwezi kuitetea. Wasimamizi walieleza katika uamuzi wao kwamba adhabu ya kawaida ya kosa lile ni sekunde 10, lakini wameipunguza hadi 5 kwa sababu Norris hakuwa na namna ila kutoka nje, maana Verstappen alikuwa karibu mno na yeye mwenyewe alitoka nje ya njia. Yaani waliona kwa macho yao kwamba aliyekuwa akijitetea ameshindwa kulidhibiti gari lake ndani ya mistari, wakaliandika hilo, wakalitumia kumpunguzia mmoja adhabu, na hawakumuuliza mwingine lolote. Katika lugha ya mahakama ni kama kumwambia mshtakiwa kwamba tunakuhurumia kwa sababu uliibiwa, kisha kumwacha mwizi atoke kwa mlango wa mbele.

McLaren waliomba uamuzi huo upitiwe upya, na hoja yao inafaa kukaa nayo kidogo. Walisema kwamba Norris alikuwa amekwisha kumpita Verstappen kwenye mnyoofu, kabla ya eneo la kushika breki, kwa hiyo wakati wa kuingia kona mshambuliaji alikuwa Verstappen na anayejitetea alikuwa Norris. Kama ndivyo, vipimo vinageuka juu chini, kwa sababu miongozo yote imejengwa juu ya dhana kwamba tunajua ni nani anampita nani. Wasimamizi walilikataa ombi hilo bila hata kuingia kwenye kiini chake, kwa kuwa kanuni ya mapitio inadai jambo jipya, la maana na lenye uzito ambalo halikuwapo wakati wa hukumu, na McLaren walikuwa wameleta hati ya uamuzi wenyewe kama ndilo jambo jipya. Kwa hiyo swali la nani alikuwa mshambuliaji katika kona ile halikujibiwa na jopo lolote.

Wasomaji wanaojua mbio za magari kupitia Safari Rally, ambayo ilirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huenda wakashangaa kwa nini Naivasha hakusikiki kelele za namna hii. Sababu ni kwamba katika rali magari huondoka moja moja na kila dereva anapigana na saa. Langalanga huwaweka madereva wote kwenye njia moja kwa wakati mmoja na kuwaomba wagawane kona isiyotosha magari mawili, tena wote wakiwa wamesoma kitabu kilekile cha kanuni kwa lengo la kujua mwisho wake uko wapi.

Haikuwa hivi tangu zamani, na kabla ya kuwa na miongozo hali ilikuwa mbaya zaidi. Juni 2019, mjini Montreal, Sebastian Vettel wa Ferrari alikuwa akiongoza huku Lewis Hamilton akimfuata kwa karibu. Katika mzunguko wa 48 aliteleza, akakatiza kwenye nyasi, na aliporejea njiani gari lake lilisukumika hadi upande wa pili, Hamilton akalazimika kushika breki ili asibanwe ukutani. Wasimamizi walimpa sekunde 5 kwa kurejea njiani bila usalama, akavuka mstari akiwa wa kwanza na kutangazwa wa pili. Wengi wanalikumbuka alilofanya baada ya hapo: alilitelekeza gari mahali pasipo pake, akatembea hadi eneo la washindi, akaliondoa bango lenye namba 1 mbele ya gari la Hamilton na kuliweka mbele ya nafasi tupu ambayo gari lake lilitakiwa liwepo, kisha akalihamishia lile la namba 2 kwa Hamilton. Wiki 3 baadaye, Austria, Verstappen alimpita Charles Leclerc mizunguko miwili kabla ya mwisho kwa kumgonga na kumsukuma nje ya kona ya 3, na baada ya uchunguzi uliochukua zaidi ya saa 3 wasimamizi walisema ni tukio la kawaida la mashindano. Kati ya Montreal na Austria hakuna kilichobadilika kwenye maandishi. Kilichobadilika ni hali ya hewa: baada ya kelele za Montreal kila mtu alitaka madereva waachwe washindane, na ni vigumu kuamini kwamba jopo halikuisikia sauti hiyo. Bembea hii, ya kukaza baada ya kulaumiwa kwa ulegevu na kulegeza baada ya kulaumiwa kwa ukali, ndiyo iliyowafanya madereva wadai vipimo vilivyoandikwa, na vipimo hivyo ndivyo vilivyotufikisha Austin.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni kwamba wasimamizi huadhibu kosa na hawaadhibu matokeo yake. Julai 2021, Silverstone, Hamilton aligusana na Verstappen katika mzunguko wa kwanza kabisa kwenye kona ya Copse, mojawapo ya kona za kasi zaidi duniani. Verstappen aliingia ukutani kwa kishindo kilichopimwa kuwa mara 51 ya nguvu ya uvutano na akapelekwa hospitali kwa uchunguzi. Hamilton alionekana mwenye sehemu kubwa ya lawama, akapewa sekunde 10, akazitumikia, na akashinda mbio. Kwa mtazamaji hilo ni kichekesho. Kwa msimamizi, kosa la kukosea mstari wa kona kwa nusu mita ni lilelile, liwe limekwaruza bampa au limelivunja gari zima, na kama adhabu zingefuata matokeo basi dereva angehukumiwa kwa bahati yake. Naikubali kanuni hii kwa kichwa, ingawa siku ile moyo ulikataa. Miezi miwili baadaye, Monza, Verstappen ndiye aliyeonekana mwenye lawama kubwa walipogongana tena, lakini kwa kuwa magari yote mawili yalikuwa yamekwama kwenye changarawe hakukuwa na mbio za kumkata sekunde, na adhabu ikawa kurudishwa nyuma nafasi 3 katika mbio zilizofuata. Makosa ya jamii moja, adhabu za maumbo tofauti, na sababu pekee ni kwamba injini moja iliendelea kuunguruma na nyingine ilizimika.

Kuna kesi ambazo kweli hazina utetezi, nazo zinahusu kumbukumbu. Machi 2023, Jeddah, Fernando Alonso aliadhibiwa sekunde 5 kwa kuliweka gari lake vibaya kwenye nafasi ya kuanzia. Alipoingia kituoni, pale magari yanapobadilishiwa magurudumu, kuitumikia adhabu hiyo, sheria ilitaka gari lisiguswe na mtu hadi sekunde hizo ziishe, na jeki ya nyuma ikaligusa. Alipanda jukwaani, akapokea kombe, akafurahia jukwaa la 100 katika maisha yake, kisha akaongezewa sekunde 10 na kuambiwa kwamba nafasi ya tatu si yake. Timu yake ya Aston Martin ilikwenda kwa wasimamizi na video za matukio 7 ambapo jeki iligusa magari mengine katika hali kama hiyo bila yeyote kuadhibiwa, na saa chache baadaye nafasi ya tatu ikarudishwa. Hapa ndipo hoja ya jopo la kudumu inaposimama kwa miguu yake, kwa sababu timu iliikumbuka historia ya maamuzi kuliko waamuzi wenyewe. Msimu uliotangulia, timu ya Haas walikuwa wamemwona Kevin Magnussen akiitwa kituoni mara 3 katika msimu mmoja kwa sababu ya kipande cha bawa kilicholegea, halafu Austin wakamtazama Alonso akizunguka na kioo cha pembeni kinachoning'inia hadi kikadondoka, bila kuitwa. Walilalamika, Alonso akashushwa kutoka nafasi ya 7 hadi ya 15, kisha akarudishwa siku chache baadaye kwa sababu malalamiko ya Haas yaliwasilishwa kwa kuchelewa dakika 24.

Na Abu Dhabi? Kesi hiyo hutajwa kila mara mjadala huu unapoanza, ingawa ni ya jamii nyingine. Tarehe 12 Desemba 2021 mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, aliyaruhusu magari 5 tu yaliyokuwa kati ya Hamilton na Verstappen yalipite gari la usalama, badala ya yote yaliyokuwa yamezidiwa mzunguko, na akaliondoa gari la usalama mapema kuliko kanuni ilivyoeleza, kukabaki mzunguko mmoja ulioamua ubingwa. Wasimamizi hawakuamua lolote uwanjani; wao waliyakataa malalamiko ya Mercedes, timu ya Hamilton wakati huo, baadaye, wakisema kanuni inampa mkurugenzi kauli ya mwisho juu ya gari la usalama. Ripoti ya FIA ya Machi 2022 ilikiri kwamba lilikuwa kosa la kibinadamu lililofanywa kwa nia njema, Masi akawa amekwisha kuondolewa, na neno moja la kanuni likabadilishwa ili isomeke magari yote.

Dawa iliyofanya kazi bila ubishi katika miaka ya karibuni haikutoka kwenye kitabu. Mwaka 2023 nchini Austria madereva walivuka mistari myeupe kiasi kwamba wasimamizi waliletewa zaidi ya matukio 1,200 ya kuangalia, wakashindwa kuyamaliza kabla ya matokeo kutolewa, na baada ya malalamiko ya Aston Martin wakagawa adhabu mpya kwa madereva 8 wakati mashabiki wengi walikwisha kurudi nyumbani. Mwaka uliofuata wenye uwanja walimwaga mikanda ya changarawe kando ya kona za mwisho. Anayevuka hupoteza muda papo hapo, hakuna jopo linaloitwa, na hakuna shabiki aliyewahi kuituhumu changarawe kwa upendeleo. Bahati mbaya changarawe haiwezi kumwagwa kati ya magari mawili yanayoingia kona sambamba.

Kwa matukio ya namna hiyo bado kuna miongozo, jopo na haki ya kuomba mapitio, na mapitio hayo yanaweza kufanikiwa na bado yasimfae mtu. Agosti 2025, Zandvoort, Carlos Sainz wa Williams aligongana na Liam Lawson kwenye kona ya 1 mbio zilipoanzishwa upya baada ya gari la usalama. Sainz alikuwa nje, na kwa kipimo cha ekseli akapewa sekunde 10 na pointi 2 za adhabu kwenye leseni yake, ambapo pointi 12 ndani ya miezi 12 humfungia dereva mbio moja. Williams walipopata picha za kamera ambazo hazikuwapo wakati wa hukumu, wasimamizi walizitazama na kukubali kwamba gari la Lawson lilikuwa limeyumba kidogo kabla ya mgongano, na kwamba hakukuwa na mwenye kosa. Pointi 2 zikafutwa. Sekunde 10 zilikuwa zimekwisha kutumikiwa na wasimamizi hawakuwa na uwezo wa kuzirudisha, kwa hiyo katika orodha ya matokeo Sainz alibaki pale alipomaliza, nafasi ya 13.